Kilo za Mama Holo

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, kwa sababu jina lake limesajiliwa, na kulitamka bila kibali ni faini. Inatosha mjue kwamba iko njiani ukienda kwingine. Mimi niliingia kwa miguu, kama nilivyoingia nchi nyingine zote, nikafikia mji wenye kinu cha kuchambua pamba, na haya nitakayoyaeleza niliyaona kwa macho haya mawili. Moja lina mtoto wa jicho, lakini si shahidi mbaya.

Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa. Katika ghala la taifa yalibaki mahindi tani elfu mbili, na panya walishachukua fungu lao. Kwingine serikali ingesema kuna njaa. Serikali ile haikuwa ya kukurupuka. Iliita wataalamu, wakakaa hotelini siku tisa, wakala vizuri, wakatoka na hesabu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiwaza: kwamba taifa lina tani laki tatu za wananchi. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alipoletewa karatasi hiyo, inasemekana aliitazama kwa muda, kisha akasema kosa limeonekana. Chakula hakijapungua. Wananchi ndio wamezidi.

Kesho yake redio ikatangaza kuundwa kwa Wizara ya Kilo.

Waziri wake alikuja mpaka kwetu kuzindua. Nilisimama mstari wa tatu nikamsikia mwenyewe. "Ndugu wananchi," alisema, "watakuja watu kuwaambieni kuna njaa. Waulizeni, njaa gani hiyo inayokaa nyumba moja na watu wanene? Taifa letu limebeba mafuta yasiyo ya lazima, kiunoni, mapajani na chini ya kidevu. Mafuta hayo ni chakula kilichofichwa. Serikali inaomba kiondoke, kwa hiari, kabla ya Sikukuu ya Uhuru." Alipotaja kidevu, videvu vyake vitatu vilitikisika kwa zamu, kikubwa mwisho.

Mtu mmoja wa nyuma akauliza kwa adabu kama Mheshimiwa naye atapungua. Katibu wa wizara akafafanua kwamba kilo za Waziri ni mali ya serikali, alikabidhiwa pamoja na gari, na hawezi kuzipunguza bila idhini ya Bunge. Muulizaji alishukuriwa sana, na jina lake likaandikwa.

*

Mimi nilikuwa nakaa kwa Mama Holo, aliyekuwa akipika ugali na dagaa kwenye lango la kinu. Sikuwa namjua. Nilifika pale na homa, nikaanguka karibu na mafiga yake, naye akasema mzee mzima hawezi kufia mbele ya wateja, ataharibu biashara. Akanilaza kwenye stoo kati ya magunia ya mkaa, akaninywesha uji siku sita. Nilipopona nikawa namchotea maji na kumpasulia kuni. Akaniita kaka. Kwa mtu wa umri wangu, ambaye hana kijiji kinachomdai wala kinachomngoja, kuitwa kaka na mtu asiyekuhitaji kwa lolote si jambo dogo.

Alikuwa mwanamke mkubwa, na ukubwa wake ulikuwa na kazi. Sufuria la ugali wa watu sitini halisongwi na mkono wa kalamu. Wabebaji wa pamba walikuwa wakimtania kwamba Mama Holo akishika mwiko, ardhi nayo inasongwa. Yeye aliwajibu kwamba ardhi haimlalamikii, ila wao tu ndio kila siku wanalalamika nyama ndogo. Holo, bintiye, aliolewa mbali, mume alishatangulia. Jiko lile ndilo lililokuwa limebaki likimwita kila asubuhi.

Basi Wizara ya Kilo ikatoa kanuni za kila kazi. Walimu mwisho kilo hamsini na tano, kwa kuwa ubao hauhitaji nguvu. Wajawazito waandikwe kwenye daftari lao peke yao, lenye kichwa cha habari Kilo Zinazotarajiwa. Na mpishi yeyote wa hadharani atakayezidi kilo sabini siku ya Uhuru, atahesabiwa kwamba anawalia wateja wake chakula; kibali kitafutwa na mafiga yatang'olewa mbele yake.

Mama Holo alinisomesha tangazo lile mara mbili. Shule mimi niliipata vipande vipande, darasa la kwanza wilaya moja na la tatu wilaya nyingine, la pili sikukutana nalo, lakini sabini naijua.

"Wanataka nusu ya mtu," akasema. "Hiyo nusu ikishakwenda, ugali watasonga wao?"

*

Tatizo likawa mizani. Nchi nzima haikuwa na mizani ya watu. Hospitali ilikuwa nayo moja, ila ilikuwa ikipimia sukari dukani kwa mganga mkuu. Wizara ikaamua itumike mizani ya pamba, ile ya kuning'inia, pamoja na makarani wake wa miaka yote, kwa sababu ni watu wenye uzoefu.

Na uzoefu walikuwa nao. Kwa muda wa miaka arobaini karani wa pamba amesoma mizani ya mkulima kwa namna moja tu: anatazama mshale, anakata kilo mbili za gunia na moja ya unyevu, ndipo anaandika. Gunia lenyewe halifiki kilo, na unyevu unakatwa hata mwaka wa ukame. Hana ubaya moyoni. Mkono umeshazoea. Baba yake alikata hivyo, na mwanawe atakata.

Tukaenda. Mwananchi alivishwa gunia mpaka kwapani, akatundikwa kwenye ndoano, akazunguka taratibu juu ya vichwa vya wenzake huku akijaribu kushika heshima yake. Ilipofika zamu ya Mama Holo, wabebaji wanne wakamtundika, boriti ikalia. Nikautazama mshale kwa jicho langu zuri. Tisini na saba. Karani, mzee mmoja mpole aitwaye Buswelu, akatikisa midomo kidogo, akaandika tisini na nne.

Nikamuuliza zile tatu zimekwenda wapi. Akaniangalia kama niliyemuuliza upepo unalala wapi.

"Mbili gunia," akasema. "Moja unyevu."

Nikamwambia huyu si pamba, mtu hana unyevu.

"Anatoka jasho," akasema, akaita anayefuata.

Tulicheka mpaka nyumbani. Mama Holo alisema kama ni kupungua, kumbe kazi rahisi, atatundikwa mara nane tu basi.

*

Wiki ile ile makopo yakaanza kugawiwa. Yaliandikwa Wepesi, unga wa mimea ya asili, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, huyeyusha mafuta ya tumbo na kumrudishia mzalendo umbo lake. Ukutani kwenye ofisi ya kata walibandika picha mbili kubwa. Ya kwanza, Kabla, ilikuwa ya Naibu Waziri akiwa ameshika tama. Ya pili, Baada, ilikuwa ya mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi ya pale pale mjini. Wanafunzi wake walimsalimia ukutani kila walipopita.

Chini kabisa palikuwa na picha ndogo ya mtu aliyegundua unga huo, Daktari Mkuu wa Mimea ya Taifa. Nikaikaribia. Alikuwa Shilinde.

Sasa Shilinde niwaeleze. Miaka thelathini tulitembea pamoja, yeye na mimi na punda mmoja, tukichimba mizizi na kuiuza minadani. Tulilala blanketi moja. Alipoumwa na nyoka nilimbeba kutwa nzima, na mimi nilipofungwa kwa kosa la kutokuwa na anwani, aliuza punda akanitoa. Kisha tulipotezana kwenye soko moja la mpakani, na huu ulikuwa mwaka wa saba tangu hapo. Udaktari aliupata ndani ya hiyo saba.

Nikaenda makao makuu ya Wizara. Aliponiona alitoka nyuma ya meza akanikumbatia, akalia machozi kabisa, na mwandishi wake akalia pia kwa nidhamu. Tukakaa kwenye zulia kama zamani. Nilikuwa na swali moja.

"Umetia sanamaki?"

Kila mchimba dawa anaijua sanamaki. Siku ya kwanza inafungua tumbo, ya pili inasafisha, ya tatu unaiacha. Ukiendelea nayo inaanza kutoa vitu ambavyo hukukusudia kuvitoa, maji ya mwili, nguvu za miguu, mwisho moyo unaanza kurukaruka. Mtu anakonda kweli, kama vile nyumba inavyokuwa nyepesi wezi wakishapita.

Shilinde akahuzunika kwamba nimeuliza. Kisha akafanya lile lililonimaliza. Sisi wachimba dawa tuna desturi yetu: dawa humpi mtu mpaka uionje mbele yake, kutoka kiganjani mwako, halafu umimine kwenye kiganja chake. Ni kiapo chetu, hatuna kingine. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kopo la Wepesi, akamimina kiganjani, akalamba. Akanimiminia. Nikalamba. Majani ya mlonge, mchaichai, tangawizi kidogo. Basi.

"Chai ya bibi kizee, Ndaki," akasema. "Watu watakunywa, watajiona wepesi, na mwaka utapita."

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Kopo la Mama Holo lilikuwa juu ya kabati siku ya nne, halijafunguliwa.

"Mimi vya serikali sinywi," akasema. "Chanjo ya kuku wao ilimaliza kuku. Lakini huyu mtu unamjua?"

Nikamwambia nimelala naye blanketi moja miaka thelathini.

"Ameonja?"

"Ameonja kiganjani, mbele yangu. Hawezi kunidanganya mimi."

Akashusha kopo, akalipangusa vumbi kwa kanga. "Basi sikia, kaka. Sinywi kwa neno la Waziri wala la daktari. Nakunywa kwa neno lako." Na akaagiza maji.

*

Nchi ikawa nyepesi kwa haraka. Bungeni hotuba zilifupika kuliko wakati wowote tangu Uhuru. Mbunge mmoja alisema "Mheshimiwa Spika" akatoka mbio, na hoja yake ikapita. Mechi ya ligi ilimalizika wachezaji wanne kwa sita, mwamuzi hayupo. Mbele ya vyoo vya soko ilipangwa foleni yenye mwenyekiti na katibu. Redio ilieleza kwamba hizo ni sumu za ukoloni zinatoka.

Mama Holo naye alikuwa akitoka mara kwa mara, akiacha mwiko umesimama kwenye ugali. Nikajiambia ni dagaa.

Mwezi ulipotimia wakaja kupima mara ya pili. Safari hii Wizara ilikuwa imeleta mizani mpya kutoka ng'ambo, ya kusimama juu yake, inayosema namba yenyewe kwa taa nyekundu. Ilisema kweli, kwa sababu ilikuwa bado mgeni. Haikujua gunia wala unyevu.

Mmeshaona kilichotokea. Mtu aliyepungua kilo moja alionekana ameongezeka mbili. Mama Holo alikuwa ametoka tisini na saba mpaka tisini na tano za kweli, lakini karatasi yake ya kwanza ilisema tisini na nne, kwa hiyo akaandikwa ameongezeka moja. Taifa zima, baada ya mwezi wa kukimbilia chooni, lilikuwa limenenepa.

Waziri alihutubia kwa sauti ya mtu aliyesalitiwa. "Tumewapa dawa," alisema, "nanyi mmetulipa kwa kula. Kuna wananchi wanakula humu. Wanakula kwa siri, wengine pamoja na watoto wao." Kikaundwa Kikosi cha Pua, vijana wenye magwanda ya kijani waliopita mitaani wakinusa vitunguu vinavyokaangwa. Na dozi ya Wepesi ikaongezwa mara mbili, kijiko kikawa viwili, na kila mtu akanywe mbele ya balozi wa nyumba kumi.

Mama Holo aliishika karatasi yake kwa muda mrefu.

"Mwili wangu unasema hivi, karatasi inasema vile," akaniambia. "Na kibali kinasoma karatasi."

Nikamwambia nitakwenda kumweleza Shilinde habari ya gunia, yeye mwenyewe aliwahi kubeba pamba, ataelewa mara moja. Nikaenda. Mwandishi aliyelia siku ile akaniambia kumwona Daktari kunahitaji miadi, na miadi iliyo karibu ni baada ya wiki saba.

Wiki saba. Kila wiki Mama Holo alikaza tundu moja zaidi kwenye mkanda wa marehemu mumewe aliokuwa akijifungia kanga. Mashavu yalishuka. Mikono, ile ya kusonga ugali wa watu sitini, ikawa na ngozi ya ziada kama soksi ya mtu mwingine. Akawa anasonga kidogo, anashika boriti ya kibanda, anapumua, anaendelea. Wabebaji waliacha kumtania. Mimi nikasema ni mlonge, mlonge una nguvu. Nilikuwa nimeuonja mwenyewe.

*

Siku ya miadi zilikuwa zimebaki wiki mbili kufika Uhuru. Nilimweleza Shilinde habari ya makarani. Hakushangaa hata kidogo. Alijua tangu mizani mpya iliposhushwa.

"Fikiri, ndugu yangu," akasema. "Nikisema makarani walikata gunia, watafungwa makarani mia nne, wote wana watoto. Nikisema wananchi wanakula, hafungwi mtu. Wanakunywa zaidi kidogo, basi. Wapi kuna huruma?"

Kisha akaniambia yule mama yangu asiwe na shaka, atamwandikia msamaha wa uzito, nimpe siku chache. Na mimi nimechoka kuzurura, nikae. Aliniandikia cheo papo hapo, Mshauri wa Mizizi, akanipa beji na kiti chenye magurudumu. Sijawahi kukalia kiti kinachonifuata.

Nikatoka kutafuta choo. Nikakosea mlango, nikatokea uwani. Wanawake kama ishirini walikuwa wakitwanga, vitambaa vimefungwa puani, na nyuma yao magunia yamepangwa mpaka kwenye paa. Gunia moja lilikuwa limepasuka. Vilimwagika vitumba vya sanamaki, vile vya mbegu, bapa kama masikio ya popo. Sikuhitaji kuonja.

Nikarudi ndani na vitumba mkononi, nikaviweka juu ya meza yake.

"Lile kopo ulilonionjesha?"

"Lile ni langu," akasema. "La ofisini."

Hakuona haya wala hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini jua ni kali. "Mlonge haumpunguzi mtu kwa tarehe, Ndaki. Waziri alitaka tarehe."

"Ulionja mbele yangu kiganjani, Shilinde."

"Ningefanyaje? Wewe ukisema dawa ni salama, watu wanakunywa. Una uso huo. Lakini hujui kusema uongo, ilibidi kwanza uamini."

Sasa hapa ningependa kuwasimulieni kwamba nilitupa beji, nikakimbia mpaka kwa Mama Holo nikamwaga kopo lake. Ndivyo mtu anavyosimulia akiwa mbali na mahali penyewe. Nilichofanya ni kupiga hesabu. Nikimwambia, ataacha kunywa, hatafika sabini, mafiga yatang'olewa. Nikinyamaza siku chache, msamaha utakuja, ataacha kunywa na jiko litabaki. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yake. Kiti nacho kilikuwepo.

Nikanyamaza siku kumi na moja. Nilimwambia tu apunguze kijiko kidogo. Akauliza kwa nini, nikasema joto. Akasema balozi anahesabu vijiko, na jinsi alivyonitazama nilidhani ameona, lakini alikuwa anatafuta pa kukaa.

Siku ya kumi na moja msamaha ulikuja kwa tarishi, ndani ya bahasha yenye nembo. Ilikuwa ni fomu ya kuomba msamaha wa uzito. Sharti la kwanza, mwombaji asizidi kilo sabini.

*

Ndipo nikamwambia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, magoti yamechongoka kwenye kanga. Nilimweleza yote, kopo la ofisini, magunia, vitumba. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Umejua lini?"

"Siku kumi na moja."

Jana yake alikwenda kujipima zahanati, kwenye mizani mpya: sabini na moja. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

"Siku kumi na moja zilizopita nilikuwa na themanini kasoro," akasema. "Ungeniambia, ningekaa hapa nikachagua mwenyewe, jiko au roho. Pengine ningeacha jiko, nikamfuata Holo. Sasa hivi imebaki kilo moja, kaka. Nani anaacha kwenye kilo moja?"

Akachukua kopo, akapima vijiko viwili, akakoroga. Akanywa akinitazama juu ya kikombe mpaka mwisho wake.

*

Siku ya Uhuru uwanja ulijaa watu waliokaa, kwa kuwa waliosimama walikuwa wakianguka na kuharibu safu. Mizani ya ng'ambo iliwekwa juu ya jukwaa, imevishwa bendera. Mama Holo aliitwa kati ya wapishi. Alipanda ngazi nne kama anayepanda mlima. Taa nyekundu ikafikiri, ikasema sitini na tisa.

Bendi ikapiga. Waziri akamtangaza Shujaa wa Wepesi, kwa maana hakuna mpishi mwingine aliyepungua kiasi kile akafika kwa miguu yake. Akakabidhiwa kibali chake ndani ya fremu ya kioo. Shilinde akamvisha utepe, na ukamwangukia mpaka kiunoni.

Nikapanda. Beji ya Mshauri wa Mizizi ilinipitisha kwa askari wote. Nikashika kipaza sauti, nikasema makarani walikata gunia, hakuna aliyekula, na ndani ya Wepesi kuna sanamaki ya kuua punda, na aliyeitia ni huyu hapa, rafiki yangu. Nilitegemea uwanja uvume. Watu wale walikuwa wamechoka hata kushangaa. Mtu mmoja alipiga makofi mawili, akapumzika.

Waziri akamgeukia Shilinde, akamuuliza kama anamjua mzee huyu. Shilinde akavaa miwani, akanitazama toka juu mpaka chini, bila haraka.

"Simfahamu," akasema.

Kisha Waziri, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akamwelekezea kipaza sauti Mama Holo. Bado alikuwa amesimama juu ya mizani. Hakuna aliyemwambia ashuke. "Mama shujaa," akasema, "uwanja huu unataka kujua. Ni nani aliyekwambia unga huu ni salama?"

Nilijua atakachosema. Hakuwa na mwingine wa kumtaja.

"Huyu mzee," akasema Mama Holo. "Serikali sikuisadiki. Daktari simjui. Nilikunywa kwa neno la huyu."

Waziri akafurahi kama aliyepata kiatu kilichopotea. Sheria ilikuwa inahitaji mkosaji, naye amejileta na beji. Hukumu ilisomwa pale pale: mzururaji wa kigeni amepatikana akiwahakikishia wananchi usalama wa dawa bila leseni ya kuhakikisha. Unga wenyewe haukuwa na kosa, ungeendelea. Afukuzwe nchini kabla ya jua kuzama, na kilo zake hamsini na moja zipunguzwe kwenye jumla ya taifa. Uwanja ulitangaziwa kwamba nchi imepungua tena, na bendi ikapiga mara ya pili.

*

Askari wawili walinipeleka mpakani kwa miguu, na njia inapita kwenye lango la kinu. Walikuwa na njaa. Wakaniambia nikae chini, wao wale kwanza.

Fremu ya kibali ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo ya kibanda. Sufuria lilikuwa lile lile, ila ugali ulikuwa wa watu kumi na tano. Mama Holo alikuwa ameshika mwiko kwa mikono miwili. Anageuza mara tatu, anasimama, kifua kinakwenda mbio kama cha ndege, anageuza tena. Nikainuka nikataka kumpokea.

"Acha," akasema. "Usiushike mwiko wangu."

Nikakaa. Nikamwambia Shilinde alinidanganya na mimi pia, alionja mbele yangu, ningejuaje. Nilikuwa naomba kitu, sijui nini.

Aliwapakulia askari kwanza, akawawekea dagaa, akawapa maji ya kunawa. Ndipo akanijibu, akiwa amenipa mgongo.

"Yule hakunidanganya mimi. Sikumwamini hata siku moja, angenidanganyaje? Wewe ndiye niliyekuamini." Akashika nguzo, akangoja pumzi irudi. "Na kwa zile siku kumi na moja, kaka, hakuna aliyekudanganya."

Askari walikula kwa kelele, wakaomba nyongeza, wakapewa. Mmoja alisema ugali wa mama huyu zamani ulikuwa mgumu zaidi, siku hizi ni kama uji. Mama Holo akasema ndiyo, siku hizi ni kama uji.

Kisha akanigeukia na sahani tupu mkononi, akauliza kama anavyomuuliza mpita njia yeyote.

"Wewe utakula?"

Nilikuwa sijala tangu jana.

"Nimeshiba," nikasema.

Alijua ni uongo. Akafunika sufuria.